Usiseme "Ni Uzee Tu"



  

Amiri wa jumuiya yetu aliniomba niandike juu ya amana. Nadhani alitarajia niandike kuhusu fedha za michango, au siri za watu, au mitihani ambayo baadhi yetu huiibia. Hayo yameandikwa sana, Allah awalipe kheri walioyaandika. Mimi nitaandika juu ya mnyama mmoja mzee wa majini, niliyeachiwa nimtunze nilipokuwa Kanada. Naomba mnivumilie, kwani habari yake inaishia nyumbani kwetu Buyenzi.

Nilikwenda Ottawa kwa masomo ya uzamili ya miaka miwili. Nilipanga chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya mama mmoja mwalimu mstaafu, mtu mwema sana kwangu ingawa hakuwa wa dini yetu. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu chumbani humo mlikuwa na tangi la kioo ambalo halikuweza kuhamishwa. Pale chini ndipo palipokuwa na baridi kuliko vyumba vyote vya nyumba, na mwenye tangi alihitaji baridi. Mwenyewe alikuwa aksoloti, jina lake Pickle, yaani achari. Umri wake miaka 13.

Wengi wenu hamjamwona mnyama huyu, nami sikuwahi kumsikia kabla ya hapo. Ni jamii ya salamanda, binamu wa mbali wa chura. Ana umbo la mjusi mnene wa urefu wa shibiri moja au zaidi, miguu minne midogo, macho yasiyo na kope. Ajabu yake ni matamvua ya kuvutia pumzi, ambayo samaki huyaficha ndani na yeye anayo nje, matatu kila upande wa kichwa, kama manyoya mekundu. Asili yake ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, katika jiji la Mexico, na huko kwao amebaki kidogo mno hata yuko ukingoni mwa kutoweka. Salamanda wengi wakikua hupoteza matamvua na kutoka majini. Huyu kwa kawaida hukua na kuzeeka akiwa majini, na sura yake ya utotoni haimtoki. Akikatwa mguu, mwingine humea, na kwa ajili hiyo wanasayansi wanamfuga kila mahali. Subhanallah. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, wengine zaidi. Kwa hiyo Pickle alikuwa babu.

Kuna ndugu mmoja aliyeniuliza msikitini kule kama inafaa Mwislamu kulala chumba kimoja na kitu kama hicho. Nilimkumbusha habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.). Mtoto yule alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) alipomwona amenuna kwa sababu ndege amekufa, alimwuliza kwa utani na upole habari za kindege chake. Hadithi iko katika Bukhari, na wanazuoni wametoa humo faida nyingi, mojawapo ikiwa ruhusa ya kufuga ndege. Na binamu yake Pickle, chura, Mtume (s.a.w.) alikataza asiuawe hata tabibu mmoja alipotaka kumfanya dawa. Mimi kinachonigusa katika habari ya Abu Umayr ni kwamba Mtume wa umma mzima alipata nafasi ya kuuliza habari za ndege.

Mwezi wa Novemba mama mwenye nyumba aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa mahali pa kufanyishwa mazoezi ya kutembea. Akanipigia simu kutoka kitandani. Hakuzungumza habari ya kodi wala ya nyumba. Alisema: "Nakuachia Pickle. Maelezo yote yako kwenye karatasi iliyobandikwa friji." Nikajibu insha'Allah, nikamweleza maana yake, akafurahi.

Karatasi niliisoma. Minyoo ya ardhini kila siku ya tatu, iliyokatwa. Sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki, na maji mapya yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Basi. Nikaona kazi ni nyepesi kuliko kufuga kuku.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Desemba ya Ottawa inaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na mimi ni mtoto wa Bujumbura. Nilikuwa na mitihani, nasoma hadi usiku wa manane, vidole vimekufa ganzi. Nikapandisha moto wa chumba. Kesho yake nikaupandisha tena. Kisha siku moja nikatazama sponji ya kichujio cha tangi nikaona imejaa uchafu wa kahawia, unateleza mkononi. Nikaona haya: mimi ninayejua milango ya tahara nimwache mgeni wangu katika uchafu kama ule? Nikaitia chini ya bomba, maji ya moto, nikaikamua mara tatu, halafu kwa kuwa nina wasiwasi nikaendelea mpaka ya saba. Ikawa nyeupe kama mpya. Nikairudisha nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya siku chache Pickle alikataa mnyoo. Mara ya kwanza sikujali, kwa sababu mnyama mzima wa aina hii anaweza kuruka mlo asidhurike. Mara ya pili akakataa. Matamvua yake yakajikunja kuelekea mbele, kama mtu anayejikinga uso kwa viganja. Ncha ya mkia ikapinda. Rangi ikafifia. Siku ya tatu nikamkuta anaelea juu, tumbo limeinuka upande mmoja, na kwenye tamvua moja pameota kitu cheupe mfano wa pamba.

Nilisimama mbele ya kioo nikasema kwa sauti: "Ni uzee tu, masikini." Na kwa kuwa mimi ni msomi, nikajipa dalili. Nikaikumbuka hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi: kwamba mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee. Nikasema, basi, huyu ana ule mmoja. Nikarudi kwenye vitabu vyangu.

Ijumaa baada ya sala nilikuwa nimekaa na ndugu mmoja Msomali anayesomea biolojia. Nikamtajia habari ile kama mazungumzo ya kupitisha wakati, sikuwa naomba ushauri. Hakusema pole. Aliniuliza: maji yana joto gani? Sijui. Umepima amonia? Sijapima. Mara ya mwisho amekunya lini? Sikumbuki. Ndani ya tangi mna vijiwe vidogo ambavyo angeweza kumeza? Hilo nilijua, hamna, sakafu yake ni kigae. Kuna kitu umebadilisha wiki mbili hizi? Nikamwambia hapana, hakuna. Kisha nikakumbuka moto wa chumba. Kisha nikakumbuka sponji.

Akanitazama akasema: "Ndugu yangu, uzee hauingii Jumatatu ukamaliza kazi Alhamisi."

Tulitoka pamoja kwenda kununua vichupa vya kupimia maji, tukashuka chumbani. Kipimajoto kikaonyesha nyuzi 24, na mnyama huyu raha yake ni nyuzi 16 hadi 18. Tukachukua maji kidogo ya tangi kwenye kichupa, tukatia matone, tukasubiri dakika tano. Maji salama hubaki manjano. Yetu yakageuka kijani, kijani cha jani la muhogo.

Yule ndugu akanifahamisha. Mnyama wa majini hutoa amonia katika taka zake, na amonia ni sumu, humwunguza ngozi na matamvua. Kinachomlinda ni bakteria wanaoishi kwenye sponji, katika ule uchafu wa kahawia niliouonea haya. Wao huibadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wakaigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa maji yanabadilishwa. Mimi niliwaosha bakteria wale kwa maji ya moto yenye klorini mara saba. Niliondoa jeshi zima la walinzi kwa nia ya usafi. Na joto likazidisha: maji yakiwa moto hubeba hewa kidogo, sumu ya amonia huwa kali zaidi, na ukungu hupata nguvu. Kile cheupe kama pamba kilikuwa ukungu, na ukungu ule hupenda kumpanda mnyama aliyekwisha kudhoofika kwa jambo jingine. Kwa hiyo dalili ya kutisha kuliko zote ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na chanzo. Ningeikimbilia hiyo kwa dawa, ningemwongezea madhara, maana ngozi ya mnyama huyu hunyonya chochote kilichomo majini, na dawa nyingi za samaki humdhuru.

Nilipanda juu kuichukua karatasi kwenye friji nimwonyeshe kuwa sikuambiwa. Ilipobanduka niliona ina maandishi nyuma.

Kwa mkono wa yule mama, herufi za mwalimu: moto wa chumba cha chini usipandishwe, sponji isioshwe bombani kabisa, ichovywe tu katika maji yaliyotolewa kwenye tangi, akibadilika ghafla, kwanza pima maji. Nilisimama pale na karatasi mkononi. Nilikuwa nimeusoma upande mmoja.

Ndugu zangu, nilichofanya na karatasi ile nilikuwa nimekwisha kukifanya na hadithi. Rudieni hadithi ya Usama bin Sharik. Mabedui waliuliza kuhusu kujitibu, na jibu la kwanza, jibu lenyewe hasa, lilikuwa amri: jitibuni. Uzee ulitajwa kama kitu kimoja kilichotengwa na magonjwa yote mengine. Mtu akisema "magonjwa yote yana dawa isipokuwa huu", amekupa kazi ya kuyatambua yale mengine kwanza. Hukuti aliyetengwa mpaka umehesabu kundi. Mimi nilianza na aliyetengwa nikafunga kitabu.

Na hii si fikra yangu peke yangu. Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria, ameorodhesha katika kitabu chake cha kanuni za sheria haki za mnyama juu ya mwanadamu. Ya kwanza anayoitaja ni kumgharimia kwa kiasi kinachomfaa mfano wake, hata akiwa amezeeka au ameugua kiasi cha kutotarajiwa faida tena. Angalieni: amezeeka *au* ameugua. Faqihi aliyeishi zaidi ya miaka 700 iliyopita aliyaweka mawili hayo mbalimbali, na akasema haki haianguki kwa lolote kati yake.

Mtume (s.a.w.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake lilikuwa limegandamana na mgongo kwa njaa, akawaambia watu wamche Allah katika wanyama hawa wasiosema. Wasiosema. Neno hilo nililisikia tangu madrasa na kulipita. Aliye na ulimi atakwambia kichwa kinamuuma, na bado utakosea. Asiye na ulimi amebakiwa na mwili wake tu kuwa ndio maneno yake: anavyokunja matamvua, anavyokunja mkia, anavyoelea, anachokataa kula. Mwenye amana asipojifunza kuyasoma maneno hayo ni kama amemziba kinywa. Katika bustani ya Ansari mmoja kulikuwa na ngamia aliyelia alipomwona Mtume (s.a.w.), naye akampapasa nyuma ya masikio hadi akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumkabili: ngamia amenishitakia kuwa unamwacha na njaa na unamchosha. Huo ulikuwa muujiza wake. Sisi hatukupewa kusikia mashitaka ya ngamia, tumepewa kipimajoto. Nasema hivi bila mzaha. Siku ile ya Ijumaa, kuchukua matone matano ya dawa na kusubiri rangi ndiyo taqwa niliyodaiwa, na kwa siku tatu nilikuwa nimeiepa.

Tulimwogesha? Hapana. Tulimhamishia katika beseni la maji baridi yaliyoondolewa klorini, tukaliweka karibu na mlango, mbali na hita. Joto tulilishusha polepole, kwa sababu kulishusha ghafla nako ni kumtesa. Kila siku nikabadilisha maji yote ya beseni. Ya tangi nikayabadilisha kidogokidogo na kuyapima asubuhi na jioni, nikisubiri bakteria warudi, na hilo lilichukua wiki kadhaa. Nilivaa koti ndani ya chumba. Dawa ya ukungu hatukutia. Siku ya nne matamvua yalianza kurudi nyuma. Siku ya sita ile pamba ilikuwa imepungua. Siku ya nane alikula kipande cha mnyoo mkononi mwangu, nikasema Allahu akbar kwa sauti hata jirani akagonga ukuta.

Lakini tumbo halikurudi. Aliendelea kuelea kwa upande, na tumbo likawa pana kuliko kichwa, jambo ambalo kwa mnyama huyu si zuri. Nilimpigia simu mwenyewe nikamweleza yote, pamoja na sponji na moto. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia. Mpeleke kwa daktari, nitalipa." Hiyo ndiyo karipio niliyopata, na kwa kweli ningependelea anifokee.

Daktari wa wanyama alimpiga picha ya eksirei ndani ya maji kidogo. Hakuna jiwe tumboni, hakuna choo kilichokwama. Akatoa kwa sindano maji yaliyojaa tumboni, akayachunguza. Akanieleza kuwa moyo, ini au figo vikichoka, maji hujikusanya hivyo, na kwa umri huu vilikuwa vimechoka. Nilimwuliza swali lililoniuma: ni amonia yangu? Alijibu kwa uaminifu kwamba mchoko wa namna hii hujengeka taratibu, kwa miezi, ila wiki ile mbaya haikumsaidia.

Kwa hiyo alikuwa mzee kweli! Uzee ulikuwapo wakati wote, nyuma ya yale mengine. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa umethibitishwa, na kilichobaki kilikuwa kumpa maji baridi, masafi, na utulivu. Mama alirudi nyumbani kwa magongo mwezi wa Januari. Hakuweza kushuka ngazi, basi tukaliweka beseni jikoni karibu na dirisha, penye baridi. Pickle aliishi wiki saba zaidi, akafa usiku. Tulimzika ardhi ilipoyeyuka.

Sasa nije Buyenzi.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni hapa, babu yangu mzaa baba, fundi cherehani ambaye baadhi ya wazee wenu walishonewa kanzu naye, alibadilika kwa siku tatu. Kabla ya hapo alikuwa mzee, ndiyo, anasahau majina, anarudia hadithi ileile mara mbili kwa kikao. Lakini zile siku tatu zilikuwa jambo jingine. Alianza kuzungumza na ndugu zake waliokwisha kufa. Alikataa chakula. Alikuwa analala mchana akiamka hajui yuko wapi. Shangazi akasema tumpeleke zahanati. Ami akasema labda tungoje. Wakanigeukia mimi, kijana wa chuo kikuu.

Nikawasomea hadithi ya Usama bin Sharik.

Wazee walitikisa vichwa, wakasema kweli, uzee hauna dawa, mtoto amesoma. Tukamsomea Yasin, nasi tukiwa na nia njema. Hakuna aliyempima homa. Hakuna aliyejua amekunywa vikombe vingapi vya maji tangu Jumapili, na ilikuwa wakati wa joto. Hakuna aliyeuliza kama anakojoa sawasawa. Alifariki siku ya tano, Allah amrehemu na amsamehe.

Simwandikii mtu yeyote kwamba babu angepona. Ajali ya mtu iko kwa Mola wake, haitangulii saa wala haichelewi, na mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini ajali yake si swali nitakaloulizwa mimi. Nitaulizwa nilichofanya na amana niliyokuwa nayo, na dalili niliyoitoa mbele ya watu walioniamini. Baadaye, katika ule ubaridi wa Ottawa, daktari wa wanyama alipokuwa akinieleza tofauti ya kinachokuja taratibu na kinachokuja ghafla, nilitoka nje nikakaa kwenye theluji. Wenzetu wa udaktari humu chuoni watawaambia: mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku au kwa saa, hiyo ni alama ya kutafuta sababu, na mara nyingi sababu ni kitu cha kawaida kama upungufu wa maji mwilini, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, malaria, au dawa mpya aliyopewa. Uzee hauingii Jumatatu ukamaliza kazi Alhamisi. Niliyajua hayo nikiwa nimechelewa miaka minne.

Na wapo wenye ndimi wasiosema. Mwenzako wa chumba hosteli aliyeacha kula na kugeukia ukuta, nawe umesema ni uvivu, ni mitihani, ni iman imepungua. Mama yako anayejibu kila simu kwa "alhamdulillah, sijambo" kwa kuwa hataki uache masomo. Kabla ya kulipa jambo jina, uliza limeanza lini, na nini kimebadilika. Maswali mawili hayo yule ndugu Msomali aliniuliza mimi bure, kwenye zulia la msikiti, na nusura nimwone mdadisi.

Usiku ule ule nilimpigia shangazi simu. Saa za huko na huku hazilingani, nikamwamsha, akadhani kuna msiba. Nikamwomba radhi ya ile siku. Alikaa kimya, kisha akasema nilikuwa mtoto. Halafu nikamwuliza habari za bibi: presha yake ilipimwa lini, macho yake vipi, anakunywa maji? Shangazi akasema presha ni tangu Ramadhani iliyopita. Wiki ile ile akampeleka.

Nimerudi tangu Agosti. Kila Jumamosi baada ya Alasiri naenda Buyenzi kukaa na bibi barazani, na swali langu la kwanza huwa lile lile, leo umekunywa vikombe vingapi. Juzi alinikazia macho. "Mjukuu wangu, wamekupeleka Ulaya mwaka na nusu, umesoma mpaka umemaliza vitabu, kumbe ulikuwa unasomea kuhesabu maji yangu?" Nikamwambia si Ulaya, Bibi, ni Kanada, na ni miaka miwili. Akasema yote baridi moja. Amekunywa viwili, akakiri. Nikamwambia viwili havitoshi kwa joto hili.

Akaniagiza nikamletee cha tatu, ila kiwe chai.